Pazia la Kanga Dukani kwa Mansuri

Simu ya Andongwisye ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo haukuwekwa na watu wa simu. Uliwekwa na Mansuri, mwenye duka karibu na soko la Tukuyu, mtu wa mizaha mingi lakini asiyechezea heshima za watu. Tangu biashara zifunguliwe na kila mtu aruhusiwe kuuza alichonacho, duka lake lilikuwa limejaa sabuni za kila rangi, na juu ya kaunta ilikaa simu ya mezani iliyofungwa kufuli dogo ili wajanja wasiipige kwa siri. Kati ya kaunta na stoo Mansuri alitundika kanga kuukuu ya mkewe, Asia. Ikifika siku ya simu kutoka Afrika Kusini, mzee Meshaki hukaa kwenye benchi mbele ya kaunta, na mkamwana wake, Tulia, huingia kwa mlango wa uani akasimama nyuma ya pazia, katikati ya magunia ya mchele. Mzee huongea na mwanawe. Akimaliza, huulaza mkono wa simu juu ya kaunta bila kuikata, akatoka nje. Mansuri hukohoa. Hapo ndipo Tulia hutoka kuongea na mumewe.

Hakuna aliyeshangaa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hamtazami baba mkwe wake usoni. Hapiti naye njia moja, halitamki jina lake wala baba mkwe halitamki la kwake, na hawalali chini ya paa moja. Si chuki, wala si hofu ya kupigwa. Ni heshima tu, nayo ni heshima nzito, inayomfanya mwanamke ajitose kwenye majani yenye umande akisikia kikohozi fulani mbele ya njia. Wa mjini walikwisha kulegeza. Lakini mzee Meshaki wa Lufingo, mzee wa kanisa na mtu wa msimamo, hakulegeza, na Tulia hakuwahi kumwomba alegeze.

Jumamosi moja ya masika, majuma machache baada ya kumzika Bibi Veronika, mke wa mzee, Mansuri alikohoa kama kawaida. Tulia akatoka akauchukua mkono wa simu. Ulikuwa bado na joto la mkono wa baba mkwe wake.

"Mama Obed," sauti ya Andongwisye ilifika imekwaruza. "Mambo?"

"Salama. Pole na msiba, baba Obed."

"Poleni ninyi mliozika. Mimi ningetoka huku nisingeweza kurudi, unajua makaratasi yangu." Lilikuwa jambo linalomuuma, kutomzika mama yake, na kila aliyeongea naye kwa simu alilazimika kulisikia upya. "Sasa sikiliza. Nimemwambia baba mhamie kwenye nyumba niliyoijenga."

"Nani na nani?"

"Wewe na yeye. Mama hayupo, Obed yuko bweni huko Mbeya. Nani atampikia baba, nani atamtazama? Nyumba ina vyumba vinne imekaa bure."

Tulia akalitazama pazia. "Baba Obed, nyumba ile ina mlango mmoja."

"Ina mlango mmoja kwani ni zizi? Hayo mambo ya kujifichaficha ni ya kizamani. Huku nakaa na Wazulu, Wamalawi, watu wa Msumbiji, chumba kimoja, na hatujafa."

"Wewe uko Johanesibegi," Tulia akasema taratibu. "Mimi niko Lufingo."

Alitaka kuongeza neno, lakini simu ilikuwa imeshakatika. Mansuri alijifanya anapanga viberiti.

* * *

Nyumba yenyewe ilikuwa fahari na kichekesho cha Lufingo. Andongwisye aliondoka Obed akiwa mtoto wa darasa la kwanza, akapita Zambia, akapita kwingine ambako hakupenda kukusimulia, akafika huko ambako vijana wa stendi hupaita Bondeni. Akapata kazi ya kuchomelea mageti. Hakuwa mtu wa kutelekeza kwao. Kila alipopata mtu anayekuja, alituma kitu. Akatuma na ramani ya nyumba aliyochorewa na rafiki yake wa kazini: sebule katikati, korido, vyumba pande mbili, choo ndani kwa ndani, mlango mmoja wa mbele wenye kioo. Mafundi wakajenga walichoambiwa. Matofali ya kuchoma, bati la kijani, mambo safi.

Ndipo watu wakaanza kuulizana: baba mkwe akiwa sebuleni, mkamwana atapita wapi? Mtu aliyezaliwa pale pale, aliyekua akimwona mama yake akijificha migombani, amejenga nyumba ambayo familia yake haiwezi kukaa ndani yake. Bibi Veronika alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu amejenga vizuri," alisema, "ila alikuwa anajengea watu wa kwingine." Tangu hapo sebule ya Andongwisye ikawa ghala la mahindi. Mzee alibaki katika nyumba yake ya zamani upande wa juu, Tulia katika yake upande wa chini, migomba katikati, na Bibi Veronika ndiye aliyekuwa njia kati yao. Alibeba chakula kwenda juu, alileta maneno kushuka chini. Alipokufa, njia ikafungwa.

Ikabidi Tulia amwombe Felista, jirani yao mjane, awe anampelekea mzee chakula. Felista hakukataa. Felista hakuwahi kukataa jambo lolote lililompa nafasi ya kufunua sufuria ya mtu.

"Leo ndizi za mbalaga bila nyama?" angeuliza akiinua kifuniko. "Basi, nitamwambia mzee kwamba pesa za Sauzi zimechelewa."

"Usimwambie kitu, dada. Mpe tu."

"Natania, mama Obed. Mbona umekuwa mkali?"

Lakini jioni kisimani wanawake walikuwa wanajua kilichopikwa kwa Tulia, na kilichokosekana. Siku za nyama, sahani ilifika juu ikiwa nyepesi. Siku Felista alipokwenda kuchuma chai, chakula kiliwekwa kizingitini kikapoa, na mara nyingine mbwa walikiwahi. Tulia aliyaona yote hayo akiwa upande wake wa migomba. Alimsikia mzee akikohoa, na kila siku kikohozi kilikuwa chembamba zaidi. Asubuhi akiamka, jambo la kwanza lilikuwa kutazama kama moshi upo upande wa juu, na kusikiliza kama kikohozi bado kipo. Alijua mzee akifa kwa njaa, watu hawatasema Felista. Watasema mke wa Andongwisye.

* * *

Mvua ya Rungwe haiombi ruhusa. Ijumaa hiyo ilinyesha tangu alfajiri, na majirani wote walikuwa wamekwenda msibani Kiwira, Felista akiwa mbele kabisa. Tulia alikuwa anamenya ndizi aliposikia kishindo upande wa juu, kisha sauti.

"Veronika."

Akasimama na kisu mkononi.

"Veronika, njoo uninyanyue."

Mzee alikuwa hajachanganyikiwa. Ni mdomo tu ulioita jina uliolizoea. Kisha akanyamaza, na ukimya ule ndio uliomtisha Tulia kuliko kuita. Ni rahisi mimi na wewe kusema angekimbia mara moja. Yeye alisimama. Alifikiri juu ya mama yake aliyemfunda, juu ya kina mama wa kanisani, juu ya aibu ya mzee mwenyewe kuonwa amelala kwenye tope. Akaita jirani wa kwanza, akaita wa pili, akajibiwa na mvua. Basi akajifunika kitenge kichwani mpaka machoni, akapanda.

Mzee alikuwa ameanguka mlangoni kwake, mguu umekunjika vibaya. Alipoona kitenge, aligeuza uso haraka ukutani. Tulia akampitishia mikono kwapani, akamvuta ndani, akamlaza. Katika kuvuta huko kitenge kikateleza, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Tulia akauona uso wa baba mkwe wake. Miaka yote hiyo alikuwa anajua kofia yake, mgongo wake, nyayo zake kwenye tope. Uso hakuujua.

Ulikuwa uso wa Andongwisye. Masikio yale yale yaliyosimama, paji lile lile, na kile kidevu cha ubishi. Kwa muda sasa alikuwa anaanza kumsahau mumewe, jambo ambalo hakumwambia mtu. Picha aliyokuwa nayo ilikuwa imeliwa na unyevu. Na kumbe uso wenyewe ulikuwa hapo juu tu, ng'ambo ya migomba.

Akafunika kichwa upya. Akawasha moto, akachemsha maji, akamkanda mguu, akakoroga uji. Mzee, akiwa bado ameelekea ukutani, akakohoa.

"Wewe ukuta," akasema, "nakuambia wewe. Uji huu hauna sukari."

Tulia akashikwa na butwaa, kisha akaelewa. Akamtafuta kuku aliyekuwa amejikunyata kwenye kona.

"Wewe kuku," akasema kwa sauti ya chini, "sukari iko kule chini. Naenda kuileta."

Hivyo ndivyo walivyoongea, siku ile na siku zilizofuata. Ukuta uliambiwa mguu umelala vibaya, kuku akaambiwa avumilie, mganga wa zahanati ataletwa. Ukuta uliulizwa kama Obed amefaulu hesabu. Siku moja kuku alitoka nje, na Tulia akalazimika kuiambia sufuria. Mzee alicheka ukutani, mabega yakitikisika. Alianza kumaliza chakula.

* * *

Mambo haya hayafichiki. Felista alirudi, akachungulia, na kabla ya Jumapili habari ilikuwa imefika Kiwira kwa Lazaro, mdogo wake mzee, mwenye mashine ya kusaga na gari aina ya pikapu. Lazaro alikuja amevaa koti. Na kwa kuwa ndugu wa mkwe naye ni mkwe, hakuweza kusema na Tulia uso kwa uso. Alisimama uani amempa mgongo, akamtumia Felista, aliyekuwa hana haja ya kutumwa mara mbili.

"Mwambie," Lazaro akasema, "sisi si watu wa porini."

"Anasema sisi si watu wa porini," Felista akasema, kana kwamba Tulia ni kiziwi.

"Mwambie mwanamke aliyemshika mkwe wake kwa mikono hana adabu iliyobaki. Kaka nitamchukua kwangu Kiwira. Na Jumamosi Andongwisye akipiga simu, nitamwambia amrudishe mkewe kwao akafundwe upya. Nyumba hii kubwa haitakaa bure. Kijana wangu Godwin anaoa."

Hapo Felista mwenyewe alisita, akamtazama Tulia, akalirudia kwa sauti ndogo. Tulia alikuwa ameshasikia. Kwa hiyo ndilo hilo: bati la kijani. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Jasho la mumewe na ndoa yake, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye waya wa simu, na baba mkwe wake anakwenda kulala Kiwira kwenye kelele za mashine, mahali ambapo hata chakula atapikiwa na watu wenye haraka.

"Mwambie nimesikia," akamwambia Felista. "Na mwambie kaka yake hakumwita yeye alipoanguka."

Felista, mbeya mkubwa yule, alilifikisha neno hilo lote, bila kupunguza. Lazima tumpe haki yake.

* * *

Jumamosi Lazaro alimpakia mzee kwenye pikapu, kiti cha mbele, godoro limefungwa nyuma tayari kwa safari ya Kiwira. Tulia alikwenda kwa miguu, mwavuli wake jani la mgomba, akaingia kwa mlango wa uani. Asia alimpa kiti kati ya magunia. "Kaa, mwenzangu," akamnong'oneza. "Leo watakawia." Dukani palikuwa na wateja wengi kuliko mahitaji yao. Habari ilikuwa imefika na Tukuyu. Kwa ajili ya mguu wake, Mansuri alikuwa amemkalisha mzee nyuma ya kaunta, karibu na pazia.

Simu ilipolia, Lazaro aliinyakua. Akasema yote, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, ili wateja wasipitwe: kaka ameanguka, mkamwana amemshika, wanaongea, wanacheka, Lufingo nzima inanuka aibu. "Wewe ndiye uliyesema wakae pamoja," akamalizia. "Sasa umeona. Sema umrudishe kwao, mimi nimchukue baba yako. Haya, nakupa baba."

Nyuma ya pazia, Tulia aliukamata mdomo wa gunia kwa mikono miwili. Maneno ya mumewe hayakumfikia, ila ule mlio wa sauti ndogo ndani ya simu, ukiuliza, ukikawia.

"Ndaga, asante, mwanangu," mzee alisema. "Nasikia. Nasikia." Akasikiliza. "Mguu unapona. Nani? Tulia? Yupo."

Wateja wakatazamana. Mzee alikuwa ametamka jina la mkamwana wake, dukani, mbele za watu.

Mansuri, aliyezoea kazi yake, akakohoa. Ndiyo ilikuwa ishara. Mzee alipaswa kuinuka na kutoka. Lazaro akamshika kwapa. "Twende, kaka, gari liko mlangoni. Umeshaongea."

"Niache," mzee akasema. "Mguu huu haukunyanyuliwa na wewe."

Akachukua bakora yake, akaipitisha polepole chini ya ile kanga kuukuu, akaisogeza pembeni. Pazia likang'oka na msumari wake mmoja. Tulia alikuwa pale, katikati ya magunia, vumbi la mchele kwenye kitenge. Alitaka kujifunika, lakini mikono haikumtii. Mzee alimtazama usoni, moja kwa moja, na hakugeukia ukuta wala kuku.

"Tulia, mwanangu," akasema. "Chukua. Mumeo."

Akamnyooshea mkono wa simu. Tulia akapiga magoti, akaupokea kwa mikono miwili, na vidole vyake vikagusana na vidole vya mzee. Lazaro alitoa leso akajifuta uso, ingawa kulikuwa na baridi.

"Lazaro," mzee akaendelea kwa sauti ile ile, "ukitoka hapa utanirudisha Lufingo. Nyumba ya mwanangu ina vyumba vinne. Mimi nitachukua kile cha mbele, nipate jua. Godwin mjengee yake."

Lazaro akamtazama Mansuri, akawatazama wateja. Hakuna aliyemsaidia neno. "Haya, kaka," akasema mwishowe.

"Haloo," Tulia alisema kwenye simu.

"Mama Obed? Nani amekupa simu?"

"Baba."

"Baba yupi?"

"Baba yako. Yuko hapa. Goti lake liko karibu na bega langu."

"Ametoka nje?"

"Hajatoka."

Ajabu ya mambo, ni yeye aliyetoa amri, yeye aliyeyaita ya kizamani, na sasa pumzi zake zilikuwa zinakwenda vibaya. "Mimi nilisema tu," akasema hatimaye. "Nilijua hamtafanya. Huku nikilala naiona ile njia, mama anapanda na sufuria, wewe umejificha kwenye migomba baba apite. Ndivyo ninavyopaona nyumbani. Sasa mama hayupo, na ninyi... Nikirudi nitakuta nini ninachokijua?"

Tulia alimsikia akilia, mtu mzima, na gharama za simu zinakimbia. Hakuwa na hasira naye tena. Alimhurumia, kwa sababu wao waliobaki walikuwa wameshasogea, na yeye aliyekwenda mbali ndiye aliyebaki pale pale.

"Una uso wa baba yako," akamwambia. "Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimeanza kukusahau, baba Obed, nisamehe. Sasa nitakuwa nakuona kila siku nikimpelekea uji."

Andongwisye akauliza swali kwa sauti ndogo kabisa, na Tulia akageuka kutazama mlangoni, ambako pikapu ilikuwa imesimama na godoro lake likilowa.

"Anasemaje?" mzee akauliza.

"Anauliza kama huku bado kunanyesha, baba."

Mzee akatazama nje, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Mwambie kunanyesha," akasema.